Mihuri na kalibu za vigae vya nakshi: mwongozo kwa fundi wa Kusini

Wengi wanaotaka kutengeneza vigae vya udongo vya sakafu huanzia kwenye nakshi. Mtu anamtafuta mchongaji, anachagua ua linalopendeza, anakabidhiwa muhuri safi wa mpingo, kisha anaugandamiza kwenye udongo na hapo shida zinaanza. Udongo unang'ang'ania muhuri, mistari inakatika, na vigae vikitoka tanuruni havilingani, fundi sakafu anaishia kuziba mianya kwa saruji hadi nakshi yenyewe inapotea. Mimi nashauri kinyume chake: udongo upimwe kwanza, kalibu, yaani fremu ya mbao ya kufyatulia kigae, ikatwe kwa kipimo cha udongo huo, muhuri ufuate mwisho. Huku Mtwara na Lindi wachongaji hodari hawajawahi kuadimika. Kinachoadimika ni kipimo.

Kigae tunachokilenga hapa ni mraba wa sm 20 kwa 20, unene wa sm 2, kikiwa kimeshachomwa. Vigae 25 vinajaza mita moja ya mraba, na kila kimoja kinakula kama kilo 2 za udongo mbichi. Ukitaka sakafu ya chumba kimoja, basi, usianze hesabu zako kwenye mbao. Anza kwenye shimo la udongo.

Udongo, kabla ya mbao

Udongo wa kufinyangia hupatikana mabondeni, kama bonde la Lukuledi, la Mbwemkuru, na kando ya Ruvuma. Lakini njia ya mkato ni kuwauliza watu wawili: mama anayefinyanga vyungu, na kijana anayefyatua matofali ya kuchoma. Shimo la mama lina udongo laini unaonata, unaoshika nakshi vizuri ila unasinyaa sana. La kijana lina mchanga mwingi, halisinyai sana lakini nakshi hutoka butu. Kigae cha sakafu kinahitaji kitu cha katikati, na mara nyingi mchanganyiko wa hayo mawili, nusu kwa nusu, ni mahali pazuri pa kuanzia. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka mipasuko mikubwa kiangazi, uache. Unavimba na kusinyaa kupita kiasi.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, kuna adui mmoja wa kumjua: chokaa. Ardhi ya pwani imekaa juu ya matumbawe, na punje zake hujificha kwenye udongo. Motoni punje hizo zinageuka chokaa hai. Kigae kinatoka kizima, kinatandazwa, halafu baada ya siku au wiki kadhaa punje inanyonya unyevu, inavimba na kubandua kipande cha uso wa kigae. Kupima ni rahisi. Chukua udongo mkavu uliosagwa, mwagia siki. Ukitoa povu, una chokaa. Povu likiwa sehemu mbili tatu tu, chekecha udongo wote kwa wavu wa mbu wa dirishani ili punje kubwa zibaki juu. Likiwa kila mahali, tafuta shimo jingine. Kwa sababu inayofanana na hiyo, usitumie mchanga wa ufukweni wala maji ya bahari au ya kisima cha chumvi: chumvi hupanda juu ya kigae na kuacha ukungu mweupe usioisha kwa kufuta.

Sasa ongeza unga wa matofali. Vunja matofali yaliyoungua au vipande vya vyungu, twanga, chekecha kwa wavu uleule. Changanya kopo moja la unga huo kwa makopo manne ya udongo. Unga umeshapita motoni, kwa hiyo hausinyai tena, na unapunguza kupinda na nyufa. Watu huruka hatua hii kwa sababu kutwanga kunachosha. Kunachosha kweli, lakini vigae vilivyopinda vinachosha zaidi.

Kanda mpaka mchanganyiko uwe sawa, ufunike kwa nailoni na uulaze siku kadhaa. Kisha fanya kipimo chenyewe: tengeneza vipande vitano vya urefu wa sm 14, upana sm 4, unene sm 2. Kwenye kila kimoja chora kwa ncha ya kisu mstari wa sm 10 kamili. Vikauke kivulini, vichomwe kwenye tanuru lilelile utakalotumia kwa vigae, halafu pima mstari tena. Kila milimita iliyopungua ni asilimia 1. Mstari wa mm 100 uliobaki mm 90 unakwambia udongo wako unasinyaa kwa asilimia 10.

Hapa ndipo wengi hujikwaa kwenye hesabu. Ukitaka kigae cha sm 20 na udongo unapungua asilimia 10, kalibu si sm 22. Asilimia 10 inatolewa kwenye kipimo cha ubichi, kwa hiyo gawanya: 20 kwa 0.90, unapata sm 22.2. Milimita mbili hizo ukizipuuza, kwenye chumba cha mita nne zinakuwa karibu sm 4. Unene nao ni vilevile: sm 2 kwa 0.90, sawa na sm 2.2. Mifano yote inayofuata inatumia asilimia 10. Wewe weka namba ya udongo wako.

Kalibu

Tumia mbao ya mninga au mkongo, iliyokauka vizuri, unene wa sm 2.5. Mwembe ni rahisi kupatikana lakini ukilowa unapinda, na kalibu inalowa kila siku. Kata vipande vinne, viunganishe kwa gundi ya mbao isiyoogopa maji na skrubu. Misumari huachia. Ndani iwe mraba wa sm 22.2, na usiridhike na guniya (kifaa cha kupimia pembe mraba) peke yake: pima kona hadi kona, mishazari yote miwili ilingane. Ikitofautiana hata kwa mm 2, kila kigae kitatoka kimekaa upande.

Kimo cha kalibu kinategemea muhuri, kwa sababu katika njia ninayoipendelea muhuri ndio sakafu ya kalibu. Unalala chini, nakshi ikitazama juu, na udongo unapigwa juu yake. Kama ubao wa muhuri una unene wa sm 2.5, ongeza sm 2.2 za udongo, kimo ni sm 4.7. Muhuri uwe mdogo kuliko nafasi ya ndani kwa mm 1 kila upande ili uteleze bila kukwama mbao zikivimba. Mgongoni mwake funga kipini kifupi cha mbao, na kwenye ubao wa kazi toboa tundu la kipini hicho kuzama, la sivyo muhuri utakaa unayumba.

Kwa nini muhuri chini na si juu? Kugandamiza muhuri wa sm 22 kutoka juu kunataka nguvu nyingi. Walio na jeki ya gari wanaweza kuunda fremu ya chuma na kuitumia kama mashine ya kubana, na inafanya kazi vizuri. Asiye nayo aache uzito wa udongo unaorushwa ufanye kazi hiyo.

Kuchora nakshi inayokubali kuungana

Nakshi ya kigae haionekani kwenye kigae kimoja. Inaonekana kwenye vinne, na kwenye arobaini. Kanuni moja inatosha: kila mstari unaofika ukingoni ufike mahali palepale pande zote nne. Mahali rahisi ni katikati ya upande. Au, kama mistari ni miwili, iwe umbali sawa kushoto na kulia kwa katikati hiyo.

Jaribu hivi. Chora mraba wa sm 22.2. Weka ncha ya bikari kwenye kona moja, fungua sm 11.1, chora robo duara. Fanya hivyohivyo kwenye kona inayotazamana nayo. Robo duara hizo mbili zinagusa katikati ya pande zote nne. Sasa kigae hicho ukikigeuza vyovyote, mistari yake inakutana na ya jirani. Ukipanga vinne kwa mwelekeo unaopishana unapata duara kamili, ukivigeuza ovyo unapata mawimbi. Muhuri mmoja, sakafu nyingi. Ukijaza ndani ya robo duara nakshi ya korosho kama ile ya kwenye kanga, nne zikikutana zinatengeneza ua.

Kwa mifano mingine hatuna haja ya kwenda mbali. Milango ya zamani ya Mikindani ina minyororo na maua ya duara. Chale za wazee wa Kimakonde zimejaa pembe zilizopangwa safu kwa safu. Mikeka ya ukili ina miraba inayoshikana bila kuacha pengo, na anayesuka ukili anajua kuhusu kurudia nakshi kuliko wengi waliosoma uchoraji. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambako UNESCO iliorodhesha magofu kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, kuna matumbawe yaliyochongwa kwa mistari rahisi tu, na bado yanasomeka baada ya karne nyingi. Urahisi huo ndio wa kuiga. Sakafu inakanyagwa, inapigwa deki, inaburuziwa viti. Mstari usipungue upana wa mm 4, kina kisizidi mm 3, na, isipokuwa mistari ile inayofika ukingoni kuungana na jirani, acha mm 8 tupu kutoka ukingoni ili pembe zisimeguke.

Amua mapema kwamba nakshi ya sakafu itazama ndani ya kigae. Nakshi iliyoinuka inalika na viatu na inakwaza vidole. Ili izame kwenye kigae, kwenye muhuri lazima iinuke. Na kumbuka kushoto itakuwa kulia: kwa duara haijalishi, kwa herufi au jina la Mungu inajalisha sana.

Muhuri wa majaribio, kwa soli ya ndala

Kabla ya kumlipa mchongaji, tengeneza muhuri wa bei ya bure. Chukua soli za ndala kuukuu, kata nakshi kwa wembe mpya, bandika kwenye ubao kwa gundi ya fundi viatu. Kata kuta zikiwa zimeinama kidogo, chini pana kuliko juu. Fyatua vigae vichache, vipange, vitazame ukiwa umesimama, si umeinama, maana sakafu hutazamwa kwa kusimama. Nakshi nyingi zinazopendeza kwenye karatasi zinakufa hapa, na ni afadhali zife kwenye ndala.

Muhuri wa mbao

Mpingo unashika mstari mwembamba kuliko mti wowote, lakini mara nyingi miti yake ni myembamba na yenye mipasuko, kwa hiyo ubao wa sm 22 bila kasoro ni adimu na ni ghali. Uutumie kwa mihuri midogo ya mkononi, tena kwa vipande vilivyobaki kwa wachongaji. Kwa muhuri mkubwa mninga unatosha.

Mchoro ubandike kwenye ubao, pitisha kisu kwenye mistari yote kwanza ili patasi isirarue nyuzi, kisha ondoa mbao inayozunguka nakshi kwa kina cha mm 3. Jambo linalotenganisha muhuri unaoachia na unaong'ang'ania ni mwinamo wa kuta. Mchongaji wa vinyago hupenda ukuta uliosimama wima, au hata uliokatwa kwa ndani ili kivuli kikolee. Kwa kinyago ni sawa. Kwa muhuri ni balaa: udongo unaingia chini ya ukuta na hautoki bila kung'oka. Mwambie fundi wako waziwazi kwamba kila ukuta uiname kama nyuzi 10, nakshi iwe pana chini kuliko juu. Mpe kipande cha udongo laini akijaribu mwenyewe, ataelewa kuliko maneno.

Mahali palipo bonde limezungukwa na nakshi pande zote, hewa hunaswa na kona hazijai. Toboa hapo tundu la mm 2 litokee mgongoni. Alama yake kwenye kigae unaifuta kwa kidole. Malizia kwa msasa, kisha upake muhuri vanishi mara mbili au tatu, mgongo na kingo pia. Ukipaka uso tu, mgongo unanywa maji na ubao unajikunja.

Muhuri wa udongo, kutoka kwenye mama wa jasi

Ukitaka mihuri mingi midogo inayofanana, kwa mfano watu watano wafyatue kwa pamoja, njia nzuri ni kuchonga mara moja kwenye kipande cha jasi (jipsamu), ambacho ndicho mama, na kuzalisha mihuri ya udongo kutoka humo. Na hapa kuna raha yake: kwenye jasi unachonga nakshi ikizama, upande uleule itakavyoonekana kwenye kigae, bila kugeuza akili.

Wilaya ya Kilwa ina machimbo ya jasi, lakini jiwe bichi halitafaa. Jasi hugeuka unga unaoganda baada ya kupashwa moto wa karibu nyuzi 150. Nunua unga ule mafundi dari wanaomiminia mapambo ya jipsamu, si ule wa kuzibia viungo vya dari, maana huo haugandi kwa ugumu unaohitajika. Uwiano ni gramu 100 za unga kwa gramu 70 za maji. Nyunyiza unga kwenye maji, si maji kwenye unga. Uache unywe dakika moja au mbili, koroga taratibu bila kuingiza hewa, na ukifika uzito wa uji mwepesi mimina kwenye fremu iliyopakwa sabuni. Ndani ya nusu saa umeganda. Chonga ungali na unyevu, kisha uache ukauke siku kadhaa penye upepo. Mabaki usimwage kwenye sinki, na vipande vya jasi visiingie kwenye udongo wa vigae, vinaharibu uso karibu kama chokaa.

Gandamiza udongo kwenye mama huyo, mgongoni vuta kishikio, subiri ukaze, utoe. Kumbuka muhuri huu nao utasinyaa. Nakshi ya sm 8 kwenye kigae kilichochomwa inahitaji muhuri wa sm 8.9, na ili muhuri utoke tanuruni na sm 8.9, ulipokuwa mbichi ulipaswa kuwa sm 9.9. Kwa hiyo mama wa jasi achongwe sm 9.9. Mihuri ichomwe ya kutosha kuwa migumu lakini ibaki inanyonya maji, maana unyonyaji huo ndio unaoifanya iachie udongo bila mafuta. Nisingetengeneza muhuri wa sm 22 kwa udongo: unapinda, na ukipigwa nyundo unapasuka.

Kufyatua

Lowesha kalibu, weka muhuri, upake mafuta ya nazi kwa brashi kavu. Mafuta yakisimama kwenye mistari yanafuta nakshi, kwa hiyo iwe filamu tu. Vumbi la jivu lililochekechwa linafaa pia. Chukua kilo 2 na zaidi kidogo za udongo, tengeneza bonge moja lisilo na mkunjo, lirushe kwa nguvu katikati. Bonge moja, si viraka, kwa sababu viungo vya viraka ndivyo nyufa za kesho. Sukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda kwenye kona, gonga kwa nyundo ya mbao, kisha kata juu kwa waya uliokazwa ukiegemea kingo za kalibu.

Funika kwa kibao kilichonyunyiziwa mchanga mkavu, geuza vyote kwa pamoja. Bonyeza kipini cha muhuri kwa kidole gumba huku ukiinua kalibu. Kalibu ikitoka, inua muhuri wima bila kuuzungusha. Ukigoma, usiuvute. Subiri dakika chache udongo upoteze maji kidogo, au gonga kipini taratibu.

Kwa mihuri midogo ya mkononi, fyatua kigae tupu kwanza na usubiri hadi kidole gumba kikiacha alama bila kunata. Ukipiga mapema udongo unafurika pembeni, ukichelewa unapasuka.

Anayetaka rangi mbili ajaze nakshi kwa uji wa udongo mweupe. Mafundi wa Uingereza katika karne ya 13 walitengeneza sakafu za makanisa na majumba ya wafalme kwa njia hiihii, muhuri wa mbao na udongo mweupe juu ya mwekundu. Udongo mweupe wa kaolini upo Pugu, karibu na Dar es Salaam, lakini ukiutumia peke yake utang'oka kwa sababu hausinyai sawa na wako. Anza kuuchanganya nusu kwa nusu na udongo laini ulionao, uujaribu kwenye vipande vya kipimo. Jaza kwa tabaka mbili au tatu, na kwangua uso kwa bapa la chuma kigae kikishakaza.

Kukausha na kuchoma

Upepo wa kusi ni mzuri kwa kukausha samaki na mbaya kwa vigae. Unakausha kingo wakati katikati bado ni mbichi, na kigae kinajikunja. Vipange kivulini juu ya chaga, funika kwa magunia siku za mwanzo, geuza kila siku, na vikishakaza vibandike vibao vyenye uzito juu. Wiki mbili si nyingi. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, ongeza.

Moto wa wazi wa kuchomea vyungu hautoshi kwa sakafu, kigae kitalika. Kinahitaji tanuru la kufikia nyuzi 900 hadi 1,000. Kama huna lako, zungumza na wachoma matofali wakupe nafasi katikati ya tanuru lao, mbali na midomo ya moto, na vigae visimame kwa ubavu. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza na moshi wake unawasha macho na kifua, kwa hiyo usiyageuze kuni za karibu na nyumba za watu.

Kigae kilichoiva kinalia ukikigonga. Kipime pia kwa maji: kikavu kikiwa na gramu 1,400 na baada ya kulala majini saa 24 kikawa na 1,610, kimenyonya asilimia 15, ambayo kwa sakafu ya ndani nitaikubali. Kikivuka 20, ongeza moto awamu ijayo.

Kutunza mihuri

Isuguliwe kwa brashi ya meno siku hiyohiyo, kabla udongo haujakauka kwenye kona, na ikauke kivulini ikiwa imesimama. Iweke juu, mbali na ukuta wa udongo, mchwa hawachagui nakshi. Mgongoni mwa kila muhuri na kila kalibu andika kwa kalamu ya wino usiofutika: shimo la udongo, uwiano wa unga wa matofali, na asilimia ya kusinyaa. Siku utakapobadili shimo, vipande vitano vya kipimo vinafyatuliwa upya kabla ya kigae kimoja kuingia kwenye kalibu hiyo.